Parenzana, siku ya tatu: msafara wa baiskeli tisa ulivyofika Motovun gizani

Kundi ni la watu tisa. Wana baiskeli tisa na siku sita za kutoka Trieste, Italia, kupita pwani ya Slovenia, hadi Pula kwenye ncha ya rasi ya Istria, Kroatia. Ni mwanzoni mwa Oktoba. Watu hawa tumewaunda mezani ili makosa yanayojirudia kwenye njia hii yakae mahali pamoja, tuweze kuyapima kwa saa na dakika. Njia yenyewe, mahandaki yake, kokoto zake na saa ya jua kuzama ni vya kweli.

Ratiba yao ilikuwa ya kawaida. Siku ya kwanza walichukua baiskeli Trieste. Ya pili waliendesha kupitia Muggia, Koper na Izola hadi Portorož, jirani na Piran. Ya tatu ilikuwa Portorož hadi Motovun, ya nne Poreč, ya tano Rovinj na ya sita Pula. Siku tano kati ya hizo hazina la kusimulia sana. Siku ya tatu walipanga kufika saa kumi jioni, wakafika saa mbili usiku, wanne tu wakiwa na taa na mmoja akisukuma baiskeli ya kilo 24 kupanda mlima.

Ukiwauliza kilichowachelewesha, wengi wao watasema ni vilima. Sivyo, na dalili iko kwenye historia ya njia.

Parenzana ni tuta la reli. Jina linatokana na Parenzo, yaani Poreč kwa Kiitaliano. Ilikuwa reli nyembamba, milimita 760 kati ya chuma na chuma, iliyojengwa enzi za Austria-Hungaria. Treni ilifika Buje Aprili 1902, na Desemba mwaka huohuo ikafika Poreč. Ilifungwa Agosti 1935, Istria ikiwa chini ya Italia ya Mussolini, kisha vyuma vikang'olewa. Wenyeji husimulia kwamba vilipakiwa melini vipelekwe Uhabeshi kwa ajili ya vita vya Italia, meli ikazama njiani. Ukweli wa simulizi hiyo uwe utakavyokuwa, vyuma havipo, na tuta limebaki njia ya baiskeli ya takribani kilomita 123: kama 13 Italia, 32 Slovenia na 78 Kroatia.

Injini ndogo ya mvuke haipandi ukuta. Wahandisi waliizungusha reli kwenye mabega ya vilima ili mwinuko usizidi takribani mita 28 kwa kila mita 1,000. Kwa mwendesha baiskeli hiyo ni asilimia 2.8, kupanda ambako mtu wa kawaida mwenye gia za kutosha huendelea kuzungumza na mwenzake. Kituo cha juu kabisa kilikuwa Grožnjan, mita 293 kutoka usawa wa bahari. Kutoka mashamba ya chumvi ya Sečovlje hadi hapo ni kilomita 26 hivi, kwa hiyo kupanda kumetandazwa vizuri. Mwinuko wa kweli wa siku ile uko mwisho, nje ya tuta: kilomita chache za barabara inayopanda kwenda mji wa Motovun, ulioketi juu ya kilima cha mita 277.

Sasa tuitazame siku yenyewe, umbali wote ukiwa wa kukadiria. Walipanga kuondoka Portorož saa tatu asubuhi, wakaondoka saa tatu na nusu, kwa sababu mifuko haikufungwa usiku na mtu mmoja alikuwa akitafuta chaja. Kilomita 8 za kwanza hadi mpakani, pamoja na kusimama Sečovlje, ziliwafikisha saa tano na dakika kumi. Kilomita 14 hadi Buje, saa sita na dakika thelathini na tano. Chakula cha mchana kikala saa moja na nusu. Kilomita 12 hadi Grožnjan, pamoja na pancha ya kwanza, zikaisha saa kumi kasoro dakika tano. Kahawa, nusu saa. Kisha kilomita 20 za kuteremka hadi Livade kwenye bonde la mto Mirna, pamoja na pancha mbili, hadi saa moja na robo usiku. Kilomita 5 za mwisho zikachukua dakika 45.

Toa muda wa kusimama, unabaki na saa tano na dakika 45 za magurudumu kuzunguka, kwa kilomita 59 hivi. Ndio muda uleule waliouweka kwenye mpango, kasi ya kilomita kumi na kidogo kwa saa. Kwa hiyo hawakuendesha polepole hata kidogo kuliko walivyokusudia. Saa nne zote walizochelewa zilipotea wakiwa wamesimama: dakika 30 asubuhi, 25 za ziada kwenye chumvi, 15 mpakani, 30 za ziada mezani, 30 za kahawa ambayo haikuwemo kwenye ratiba, na 110 za pancha tatu.

Hizo 110 zina mengi ndani yake, tuanze nazo.

Baiskeli tano zilikuwa za kukodi, za safari, tairi za milimita 42. Mbili zilikuwa za umeme. Mbili za mwisho zilikuwa za mbio, mali ya wenyewe, tairi za milimita 28. Upande wa Slovenia hakuna aliyeona tofauti kwa sababu sehemu kubwa ni lami, na wenye za mbio walikuwa mbele wakifurahi. Ukivuka kuingia Kroatia, tuta linageuka changarawe. Mahali pengine imeshindiliwa vizuri, mahali pengine mvua imechukua vumbi na kuacha mawe ya ukubwa wa yai.

Tairi ya milimita 28 ina hewa kidogo. Likikutana na jiwe lenye ncha, jiwe huibana tairi hadi kugusa rimu, na tyubu iliyo katikati hukatwa mahali pawili kwa mpigo. Ukiitoa utaona matundu mawili mafupi, sambamba, yameachana kama sentimita moja. Alama hiyo haitokani na mwiba, na hakuna faida ya kupapasa ndani ya tairi ukitafuta msumari. Ukijaza upepo zaidi kuepuka kubanwa, baiskeli inaruka juu ya kokoto na breki zinakosa mshiko. Ukipunguza, unabanwa tena. Dawa ni upana. Kwa changarawe ya Parenzana milimita 40 ni kima cha chini cha busara, na mtu wa kilo 75 mwenye tairi ya 42 aanzie upepo wa baa 2.5 hadi 3, nyuma pakizidi mbele kidogo.

Pancha ya kwanza, kati ya Buje na Grožnjan, ilikuwa ya aina hiyo. Mwenyewe alikuwa na tyubu moja ya akiba. Kubadilisha tyubu ni kazi ya dakika 12 kwa mtu asiye na haraka, lakini kundi lilisimama dakika 35. Aliyepata pancha alikuwa wa sita kwenye mstari. Watano wa mbele hawakujua, wakaendelea karibu kilomita mbili, wakasimama kungoja, wakapiga simu ambayo haikushika mara ya kwanza, kisha wawili wakarudi na wengine wakabaki. Pampu nzuri ilikuwa kwenye mfuko wa mmoja wa waliobaki mbele. Kazi ilipokwisha ilibidi kukusanyana upya, na mmoja alikuwa ameingia vichakani kuchuma tini.

Pancha ya pili, mteremko wa Grožnjan, ilimpata mtu yuleyule. Akiba imeisha, ikabidi kuziba. Hapa kosa ni la haraka, na fundi yeyote wa baiskeli wa Tabora au Kisumu angewacheka. Solusheni ilipakwa na kiraka kikabandikwa papo hapo, ikiwa bado mbichi. Solusheni ya viraka haifanyi kazi kama gundi ya karatasi. Unakwangua mpira kwa msasa hadi ung'aro uondoke, unapaka safu nyembamba pana kuliko kiraka, unangoja dakika kama tano hadi ukigusa pembeni haivuti kidole, ndipo unabandika na kukandamiza kwa nguvu kutoka katikati kwenda ukingoni. Waliyoibandika mbichi iliachia upepo polepole, ndiyo maana yule bwana alimaliza siku akijaza hewa kila baada ya kilomita tatu. Kwenye hesabu pancha hiyo inaonekana ya dakika 25 tu.

Ya tatu ndiyo ya kusikitisha, kwa sababu haikuwa na haja ya kuchukua dakika 50. Baiskeli ya kukodi ilichomwa na mwiba. Valvu za baiskeli zile zilikuwa nene, kama za gari. Pampu iliyokuwepo ilikuwa na kichwa cha valvu nyembamba pekee, ile yenye kinati kidogo juu cha kulegeza. Tyubu ya akiba kwenye mfuko wa kiongozi nayo ilikuwa ya valvu nyembamba, wakaamua kwamba haifai, wakakaa kungoja mpita njia mwenye pampu nyingine. Giza likaanza kuingia.

Ilifaa. Tundu la rimu kwa valvu nene lina milimita 8.5, kwa nyembamba 6.5. Nene haiingii kwenye tundu dogo, lakini nyembamba inaingia kwenye tundu kubwa bila shida. Inacheza kidogo, basi unakaza ile nati ya nje kuishikilia hadi tairi ijae. Cha kuangalia ni ukubwa wa gurudumu, na hiyo unaisoma ubavuni mwa tairi: 42-622 maana yake upana wa milimita 42 na kipenyo cha 622. Dukani utaambiwa hii ni inchi 28, ile ni inchi 29, na zote ni 622. Tyubu iliyoandikwa 35/45-622 ingewatoa hapo kwa robo saa, tena kwa pampu yao ileile.

Kuna valvu ya tatu, inayopatikana bado kwenye baadhi ya baiskeli za kukodi za Ulaya ya kati: ile ya zamani tuliyoizoea kwenye Phoenix, yenye nati ya kukaza juu. Hiyo inapokea pampu ya valvu nyembamba. Jioni ya kuchukua baiskeli, mtu mmoja azunguke na pampu iliyokusudiwa kusafiri, aijaribu kwenye kila gurudumu. Magurudumu 18, dakika 20.

Kikapu cha vifaa kwa watu tisa hakihitaji kuwa kizito. Tyubu nne za 622 zenye valvu nyembamba, na moja au mbili za ukubwa wa baiskeli za umeme kama ni tofauti (nyingi ni 584). Viraka kumi na solusheni mbili, maana iliyofunguliwa hukauka. Vibanio vya kutolea tairi vitatu. Pampu ya vichwa viwili. Spana za pembe sita za milimita 4, 5 na 6. Kifaa cha kukatia cheni na kiungo cha haraka cha cheni. Pedi za breki za akiba kwa baiskeli yenye mzigo mkubwa. Na kwa baiskeli za kukodi, muulize mwenye duka kile kipande cha alumini laini kinachoshika kibadilisha gia cha nyuma. Baiskeli ikilala upande wa cheni, kipande hicho hupinda, na kila modeli ina cha kwake. Kikapu chote anabeba anayefunga msafara. Aliye mbele hawezi kumsaidia aliyekwama nyuma yake.

Hapo ndipo penye kasoro ya pili ya kundi: halikuwa na wa nyuma. Lilikuwa na kiongozi hodari aliyejua njia, basi. Watu tisa kwenye changarawe hutawanyika hadi kilomita mbili au tatu hata wakipendana. Kuwaambia wakae pamoja hakusaidii, kwa sababu kila mtu ana mwendo wake wa kupanda, na anayelazimishwa mwendo wa mwingine huchoka upesi. Utaratibu unaofanya kazi ni huu: wa mbele na wa nyuma wanajulikana na hawabadiliki siku nzima. Kila penye njia panda, aliye nyuma ya kiongozi anasimama kama alama hadi wa nyuma atokee, kisha anaungana naye, na njia panda inayofuata anasimama mwingine. Hakuna anayepotea na hakuna anayepiga simu. Kwa tisa, afadhali zaidi ni makundi mawili, watano na wanne, kila moja na pampu yake, yanayokutana mezani tu. Pancha moja inasimamisha watu wanne badala ya tisa, na meza ya watu watano hupata chakula haraka.

Kwenye mteremko wa Grožnjan hadi Livade, utaratibu huo ni suala la usalama. Kilomita 20 za kushuka taratibu zinamshawishi mtu kuachia breki. Kona za reli ni pana na ukiwa kwenye kasi ya 30 huoni kwamba changarawe imejikusanya kwenye ukingo wa nje. Vidole viwili vikae kwenye kila breki muda wote, breki ivutwe kabla ya kona. Ukivuta ya mbele katikati ya kona kwenye kokoto, gurudumu linakukimbia. Njia inapita karibu na Završje, kijiji chenye mnara wa kengele ulioinama, na kila mtu anageuza shingo. Kama ni kupiga picha, simama.

Halafu mahandaki. Reli ilikuwa na tisa, refu kuliko yote likiwa la Valeta upande wa Slovenia, kama mita 550, ambalo lina taa. Upande wa Kroatia usiitegemee taa ya handaki. Ukitoka juani kuingia ndani na miwani meusi, kwa sekunde kadhaa huoni kitu, na ndani sakafu hubaki na maji hata siku ya jua. Vua miwani kabla ya mdomo wa handaki, washa taa, acha mita kumi kati yako na wa mbele. Kundi letu lilikuwa na taa nne. Waliobaki walishika tochi ya simu kwa mkono mmoja, maana yake breki moja tu ilibaki na mkono wa kuivuta.

Mwanzoni mwa Oktoba jua la Istria huzama karibu saa moja kasoro dakika ishirini jioni. Saa za majira ya baridi zikirudi, Jumapili ya mwisho ya Oktoba, linazama kabla ya saa kumi na moja na robo. Tahadhari ndogo kwa waliozoea saa zetu: ratiba za boti na mabasi zimeandikwa kwa saa 24, 16:30 ni saa kumi na nusu jioni, na kichwa kilichochoka hukosea.

Betri nayo. Yule aliyesukuma baiskeli ya umeme kupanda Motovun alikuwa na betri ya saa-wati 400 (kipimo cha umeme uliohifadhiwa), mwenzake 500. Kwenye changarawe yenye kupanda, msaada wa chini wa mota hula kama saa-wati 7 hadi 10 kwa kilomita, wa juu kabisa hula mara mbili au zaidi. Yeye alianza na wa juu tangu Portorož, akafika Grožnjan betri ikiwa na nukta moja. Mteremko ulimficha, kwa sababu unaposhuka mota haili umeme, lakini mlima wa Motovun ukamdai. Chakula kile cha saa moja na nusu kingeweza kumwokoa kama angebeba chaja: ya ampea 2 kwa volti 36 inaingiza takribani saa-wati 70 kwa saa, ya ampea 4 mara mbili yake. Saa-wati 100 zingetosha kabisa mlima ule. Anayefikiria kuja na betri yake kutoka nyumbani asahau: ndege za abiria hazichukui betri ya lithiamu inayozidi saa-wati 160. Baiskeli ya umeme hukodiwa huko huko.

Dakika 25 za chumvi hazina mtu wa kulaumiwa ila mpangaji. Sečovlje si mahali pa robo saa. Chumvi imevunwa hapo kwa zaidi ya miaka 700, na hadi leo wanavuna juu ya petola, utando mwembamba wa mwani na madini unaooteshwa kwa makusudi chini ya maji ili fuwele zisiguse tope. Mtu wa pwani anayejua chumvi ya jua atataka kuuliza maswali. Mahali pake ni alasiri ya siku ya pili, mzigo ukiwa hotelini, au asubuhi nzima.

Mpaka je? Kroatia iliingia eneo la Schengen, la nchi ambazo kwa kawaida hazikaguani mipakani, na sarafu ya yuro tarehe 1 Januari 2023, ndiyo maana mpangaji aliandika dakika sifuri. Lakini tangu Oktoba 2023 Italia imerudisha ukaguzi kwenye mpaka wake na Slovenia, na Slovenia nayo kwenye mpaka wake na Kroatia. Mara nyingine unapungiwa mkono upite, mara nyingine unaulizwa. Wenye pasipoti za Tanzania, Kenya au Uganda waibebe mwilini, pamoja na kibali cha ukaazi kama wanaishi Ulaya, isiwe kwenye begi lililotangulia na gari. Wanaotoka nyumbani huomba viza ya Schengen kwa nchi watakayolala usiku mwingi, na katika ratiba hii, japo ndege inatua Italia, nchi hiyo ni Kroatia. Maombi yapelekwe mapema, dirisha linafunguliwa miezi 6 kabla ya safari, na bima iwe ya yuro 30,000 au zaidi.

Jinsi siku ilivyopaswa kukatwa sasa inaonekana yenyewe. Lala Grožnjan. Kutoka Portorož ni kilomita 34 hivi, unafika saa tisa mchana hata ukipata pancha mbili. Mji ni mdogo, wa mawe, umejaa karakana za wasanii waliouhamia tangu miaka ya 1960 wenyeji wengi walipokuwa wameondoka. Vyumba ni vichache, kwa hiyo watu tisa waweke nafasi miezi kabla. Kesho yake teremka hadi Livade, kula huko (ni kijiji cha uyoga wa thamani wa ardhini, tartufo, mwaka 1999 mmoja wa zaidi ya kilo 1.3 ulipatikana Istria), panda Motovun bila mizigo, ulale. Kati ya Grožnjan na Livade hakuna duka la kutegemea, kila mtu awe na lita moja na nusu za maji. Siku inayoongezeka itafidiwa kwa kuacha kipande cha Rovinj–Pula, na wengi hawajutii kukiacha.

Hiyo siku ya Poreč hadi Rovinj ina mtego mmoja tu, Mfereji wa Lim, mkono wa bahari unaoingia nchi kavu kama kilomita kumi. Ramani ikionyesha Vrsar na Rovinj zikitazamana usidanganyike. Ama unazunguka kwa kushuka na kupanda, ama unauliza boti ya kuvusha baiskeli siku hiyo kama ipo.

Kuhusu miji ya kale yenyewe, neno moja la kiufundi. Koper, Izola na Rovinj vilikuwa visiwa kabla ya kuunganishwa na bara, Rovinj mwaka 1763. Ndio maana vichochoro vimebanana vile, na anayekijua Mji Mkongwe wa Unguja hatashangaa. Lakini sakafu ni ya mawe ya chokaa yaliyosuguliwa na viatu vya karne kadhaa hadi yanaakisi taa. Yakiwa na umande tu, tairi lolote linateleza. Watu wanaomaliza Parenzana nzima bila mkwaruzo huangukia hapo, mita 50 kutoka hotelini. Shuka, sukuma. Poreč ni vilevile, na baiskeli ifungwe nje ya mji wa kale kama unataka kuingia Basilika ya Euphrasius, ya karne ya 6, iliyo kwenye orodha ya UNESCO tangu 1997. Mosaiki zake hazitazamwi kwa jicho moja huku lingine likilinda baiskeli.

Upepo hauna ratiba. Ule uitwao Bora, unaovuma kutoka kaskazini-mashariki, uliwahi kuangusha treni ya Parenzana karibu na Muggia mwaka 1910. Utabiri ukiutaja, usipite kwenye madaraja marefu ya matao na mifuko mipana pembeni mwa gurudumu.

Wale wawili wa tairi za 28 wana njia mbili. Ya kwanza ni kuacha baiskeli za mbio Portorož na kukodi nyingine. Ya pili ni kuachana na tuta pale Buje, kushika lami kusini hadi daraja la Ponte Porton juu ya Mirna, kisha barabara ya bondeni hadi Livade. Barabara hiyo ina malori na bega jembamba, kwa hiyo waipite asubuhi, wamevaa fulana za kung'aa na taa ya nyuma ikiwaka. Wakifika Livade watakuwa mbele ya wenzao kwa saa nzima, na ndio waagize chakula.